Picha Isigande: Mwongozo Kamili wa Kupima na Kulinda Ubora wa Video ya Mubashara, Moshi na Arusha

Siku hizi harusi, sendofu, komunyo na hata mazishi hayakamiliki bila mtu wa kurusha mubashara. Mtoto yuko Uingereza, shangazi yuko Mwanza, na wote wanataka kumwona bibi harusi akiingia ukumbini Njiro au kusikia neno la mwisho la familia pale Kibosho. Picha ikiganda, jibu la fundi ni moja: "Mtandao wa leo, kaka, acha tu." Mwenye shughuli anaitikia kwa kichwa, na mambo yanaishia hapo.

Mara nyingi mtandao unasingiziwa. Video ya kidijitali hupotezea ubora wake mahali patatu: kwenye chanzo, yaani kamera, taa na kebo, kwenye ubanaji, yaani enkoda inayopunguza ukubwa wa picha, na njiani, yaani mtandao kutoka hapo ulipo hadi kwenye seva. Kila mahali pana alama yake. Anayezijua alama hizo hatanunua modemu mpya wakati tatizo lake ni taa za ukumbi, wala hatanunua kamera mpya wakati laptopu ndiyo imechoka. Mwongozo huu unakwenda hatua kwa hatua, kuanzia kusoma dalili hadi kumkabidhi mteja faili lake. Mifano yote inatumia programu mbili za bure: OBS Studio ya kurusha, na FFmpeg ya kubana na kupima video.

Kwanza ujue ukubwa wa unachokibana

Fremu, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ikiwa ya 1080p ina pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Katika mfumo wa kawaida wa biti 8, ambamo taarifa za rangi huhifadhiwa kwa robo tu ya wingi wa pikseli, kila pikseli hugharimu wastani wa biti 12. Ukiwa na fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni megabiti 622 kila sekunde. Kwa 720p ni megabiti 276. Sasa tazama laini yako ya simu: siku njema inapandisha megabiti 3, labda 5. Enkoda inayotoa 2.5 Mbps (megabiti kwa sekunde) kutoka 720p imebana picha yako mara 110.

Hilo linawezekana kwa sababu fremu moja hufanana sana na iliyotangulia, na enkoda hutuma tofauti tu. Msomaji wa Injili aliyesimama mbele ya ukuta mweupe anabanwa kwa raha. Lakini migomba inayopepea nyuma ya jukwaa, mvua, moshi wa mashine ukumbini, konfeti, na watu hamsini waliovaa kitenge chenye maua madogo wakiingia kwa kucheza: hapo karibu hakuna fremu inayofanana na mwenzake. Kwa hiyo wastani wa shughuli nzima hausemi kitu. Unachopima ni dakika ngumu. Ukiimudu dakika ya kuingia kwa kucheza, mahubiri yatajiendea yenyewe.

Kuhusu kodeki, yaani mbinu ya kubana video, usijisumbue sana. H.264 ilikamilishwa mwaka 2003 na bado ndiyo inayopokelewa karibu kila mahali. H.265 ya mwaka 2013 ilibuniwa ili itoe ubora uleule kwa takribani nusu ya bitireti (idadi ya biti kwa sekunde), na AV1 ya mwaka 2018 inakwenda mbali zaidi, lakini zote mbili zinadai nguvu nyingi za kompyuta. Mubashara, baki na H.264. H.265 itakufaa kwenye kuhifadhi.

Soma dalili kabla ya kugusa mpangilio wowote

Hapa ndipo mafundi wengi wanapita haraka, nami nataka tukae kidogo.

Picha ikivunjika kuwa vibokisi, hasa watu wanapocheza, enkoda imekosa biti za kutosha. Ubanaji wa H.264 hugawa fremu katika vipande vya pikseli 16 kwa 16, na biti zikipungua mipaka ya vipande hivyo huanza kuonekana. Zingatia jambo moja: unaporusha kwenda YouTube kwa RTMP, utaratibu wa kawaida wa kutuma video ya mubashara, data husafiri juu ya TCP, na TCP hutuma upya kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) iliyopotea. Upotevu wa pakiti, kwa hiyo, hauchani picha yako; unaichelewesha. Vibokisi kwenye laivu ya YouTube vina asili mbili tu za kawaida: bitireti yako ni ndogo kuliko ukubwa wa picha uliouchagua, au mtazamaji mwenyewe ana mtandao hafifu na YouTube inampa toleo la chini. Kwenye televisheni ya antena au mfumo unaotumia UDP, ambayo yenyewe haitumi upya kilichopotea, mambo ni tofauti: huko pakiti zikipotea unaona vipande vilivyochanika au madoa ya kijani.

Picha ikiganda kisha ikaruka mbele, shuku njia. Lakini shuku pia laptopu, kwa sababu enkoda iliyolemewa huruka fremu vilevile. Tutaona namna ya kuzitofautisha.

Anga la Kilimanjaro lenye ukungu likionekana limepakwa rangi kwa mikanda mikanda, hiyo ni kazi ya biti 8 ikichanganyika na ubanaji mkali. Ukungu unaotetemeka kuzunguka herufi za jina la bwana harusi kwenye skrini: ubanaji tena. Tumia herufi nene, kubwa, bila kivuli.

Nyekundu au zambarau ikimwagika nje ya mipaka ya nguo, usiongeze bitireti, haisaidii. Ni ile robo ya taarifa za rangi niliyoitaja, ikikutana na taa za LED zilizokolezwa kupita kiasi. Mwombe fundi taa achanganye nyeupe kidogo.

Mistari kama meno ya kitana kwenye mikono inayopunga inatoka kwenye kamera ya zamani inayorekodi 1080i, yaani nusu fremu kwa zamu. Mikanda ya giza inayopanda na kushuka inatoka kwenye taa na shata ya kamera, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Na midomo isiyoenda na sauti ni suala la kuchelewesha sauti au picha kwenye OBS: umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, umeweka kikomo cha sauti kutangulia kwa milisekunde 40 au kuchelewa kwa milisekunde 60, na kikomo hicho kinafaa kabisa kwa kazi zetu. Piga kofi moja mbele ya kamera, rekodi, hesabu fremu kati ya viganja kugusana na mlio kusikika. Kwa fremu 25, kila fremu ni milisekunde 40.

Hatua ya kwanza: safisha chanzo

Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Weka kamera kwenye fremu 25 au 50, shata 1/50 au 1/100. Kamera nyingi zinazoletwa kutoka Marekani huwa zimewekwa fremu 30 na shata 1/60, na chini ya taa za umeme wa hapa ndizo zinazoleta ile mikanda ya giza. Kamera ikiwa ya 1080i, washa kichujio cha kuondoa mistari kwenye OBS, kwenye chanzo chenyewe, kabla picha haijapunguzwa ukubwa.

Punguza geini, yaani ukuzaji wa mwanga ndani ya kamera. Chembechembe za gizani ni mabadiliko ambayo enkoda haiwezi kuyatabiri, nayo huyalipia biti kana kwamba ni kitu cha maana. Taa moja nyeupe ya ziada juu ya meza kuu inaokoa biti kuliko mpangilio wowote wa programu. Stendi nayo inaokoa biti: kamera ya mkononi inatikisa fremu nzima, na kila pikseli inakuwa mpya.

Sauti ichukue kwenye mixer ya ukumbi kwa waya, sio kwa maiki ya kamera. Ubanaji wa sauti wa AAC kwa kbps 128 unatosha. Watu huvumilia picha hafifu kwa muda mrefu kuliko wanavyovumilia sauti inayokatika. Mazishini hasa, wanaosikiliza ni wengi kuliko wanaotazama.

Hatua ya pili: pima njia, na uipime palepale

Kipimo cha kasi unachokifanya ofisini Kaloleni hakikuambii lolote kuhusu kihamba cha Marangu. Miteremko ya Kilimanjaro imekatwa na migongo na makorongo. Nyumba mbili zinazoonana kwa macho zinaweza kutazama minara tofauti, moja ikiwa imezibwa na mgongo wa kilima pamoja na migomba yake. Nenda mahali pa tukio, siku ya wiki ileile, saa ileile. Jumamosi saa 11 jioni na Jumanne saa 4 asubuhi ni mitandao miwili tofauti hata kama mnara ni uleule. Na kwa wanaorusha Kilimanjaro Marathon pale uwanja wa Ushirika, jueni kwamba mnachokipima siku moja kabla uwanja ukiwa mtupu kitabadilika asubuhi maelfu ya simu yakiwa yamewashwa pamoja.

Anza na nguvu ya mawimbi. Ukurasa wa ndani wa modemu, au programu ya kupima mawimbi kwenye simu, unaonyesha RSRP kwa dBm. Karibu na -80 ni vizuri. Kuelekea -100 anza kuhangaika. Chini ya -110, tafuta mahali pengine: dirisha la upande wa mnara, ghorofa ya juu, au nguzo ya hema. Hamisha modemu mita mbili, soma tena. Ni kazi ya dakika kumi isiyogharimu kitu.

Kisha ping ya dakika kumi, inayopima muda wa data kwenda na kurudi. Kwenye Windows:

`ping -n 600 8.8.8.8`

Kwenye Linux au Mac tumia -c badala ya -n. Usiangalie wastani. Angalia asilimia ya upotevu na muda mrefu kabisa. Halafu irudie huku laini ikipandisha faili kubwa. Ping iliyokuwa milisekunde 60 ikipaa hadi 900 laini inapojaa, umejua kwamba ukiikamua laini hii hadi tone la mwisho, laivu itaanza kusuasua. Lazima uache nafasi.

Sasa kasi ya kupandisha. Vile vipimo vya kubofya mara moja hudumu sekunde chache na hukupa namba ya kufurahisha. Ukiwa na seva yako, hata ndogo ya kukodi, tumia iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta yako na seva hiyo:

`iperf3 -c anwani-ya-seva -t 600 -i 5`

Amri hiyo inapandisha data kwa dakika kumi na kuandika kasi kila baada ya sekunde tano, kwa hiyo utapata mistari 120. Ipange kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ya sita ukihesabu kuanzia ile ndogo kabisa. Hiyo ndiyo kasi ambayo laini yako inaishikilia kwa takribani asilimia 95 ya muda. Tuseme wastani ulikuwa 6.1 na ile ya sita ni 3.7. Wastani usahau. Zidisha 3.7 kwa 0.7, unapata karibu 2.6 Mbps: hiyo ndiyo bajeti yako yote, picha na sauti pamoja. Tahadhari ya mfuko: kwa kasi ya 6 Mbps jaribio hilo linakula takribani MB 450 za bando.

Huna seva? Fungua laivu ya faragha YouTube, rusha kwa nusu saa bitireti unayokusudia, uangalie fremu zinazoanguka. Ni kipimo cha ukweli zaidi kuliko kubofya programu ya kasi mara kumi.

Laini ya akiba iwe ya kampuni nyingine ya simu, kwa sababu laini mbili za kampuni moja hutegemea mnara mmoja na hufa pamoja. Bando nalo lipigie hesabu mapema: zidisha Mbps kwa 0.45, upate GB kwa saa. Laivu ya 2.5 Mbps kwa saa nne ni GB 4.5, nunua tano na kidogo, maana pakiti zenyewe zina mzigo wake na majaribio yanakula.

Hatua ya tatu: gawanya biti kwa pikseli

Una 2.6 Mbps. Toa 0.128 za sauti, bakisha kidogo, picha ipate 2.3. Je, urushe 1080p au 720p? Gawanya bitireti kwa idadi ya pikseli za sekunde moja.

720p kwa fremu 25 ni pikseli 23,040,000 kwa sekunde. 2,300,000 ukigawa kwa hizo unapata biti 0.1 kwa pikseli. 1080p ni pikseli 51,840,000, kwa hiyo biti 0.044. Kwa H.264 ya mubashara, mimi sishuki chini ya 0.08 ikiwa kuna kucheza, na napenda 0.1. Jibu ni 720p, bila ubishi. Mteja akisisitiza "nataka full HD", mwambie kwa heshima kwamba 1080p iliyokondeshwa inaonekana mbaya kuliko 720p iliyoshiba, na umwonyeshe jaribio la hatua inayofuata. Bajeti ya picha ikiwa 1.2 Mbps, nenda 960 kwa 540: utapata karibu 0.09. Ikiwa ni 0.8, nenda 854 kwa 480. Wengi wa wazazi na mashangazi wanatazama kwenye simu. 480p iliyotulia haiwasumbui.

Mipangilio mingine kwenye OBS ni ya haraka. Bitireti isiyobadilika, yaani CBR. Fremu kamili kila sekunde 2, ambavyo ndivyo YouTube inavyopendekeza. Preset, yaani kasi ya kubana, ya x264 (enkoda ya H.264 iliyomo kwenye OBS) iwe veryfast. Ukipanda hadi faster au fast utapata ubora kidogo zaidi, ilimradi laptopu ihimili joto la ukumbi. Kwenye YouTube chagua ucheleweshaji wa kawaida, sio ule mdogo kabisa, isipokuwa emsii anajibu maoni ya watazamaji papo hapo. Ucheleweshaji mkubwa unampa mtazamaji akiba ya sekunde nyingi, na mikwaruzo midogo ya mtandao wako haimfikii.

Ukituma kwenye seva yako au studio inayopokea SRT, itumie badala ya RTMP. SRT inasafiri juu ya UDP na kuomba upya pakiti zilizopotea ndani ya muda uliouweka wewe. Muda huo uwe angalau mara nne ya ping: ping ikiwa 150, weka milisekunde 600. Kwa laini ya simu inayoyumba mimi huanzia 2000.

Hatua ya nne: pima ubanaji kwa namba

Chukua dakika moja ngumu kutoka rekodi yako ya zamani, 1080p safi ya kamera. Iite ngumu.mp4. Ibane kama utakavyorusha:

`ffmpeg -i ngumu.mp4 -vf scale=1280:720 -c:v libx264 -preset veryfast -b:v 2300k -maxrate 2300k -bufsize 4600k -g 50 -an jaribio.mp4`

Kisha uilinganishe na ya asili:

`ffmpeg -i jaribio.mp4 -i ngumu.mp4 -lavfi "[0:v]scale=1920:1080:flags=bicubic[a];[a][1:v]libvmaf=log_path=alama.json:log_fmt=json" -f null -`

Faili lililobanwa linatangulia, la asili linafuata. Ukizigeuza, namba hazina maana. Zote mbili lazima zianze fremu ileile, kwani hata fremu moja ikipishana alama huporomoka bila kosa la enkoda. Hakikisha pia FFmpeg yako imejengwa pamoja na libvmaf, sehemu inayohesabu alama za kipimo cha VMAF, kwani si zote zinazo.

VMAF ilitolewa na Netflix mwaka 2016. Inatoa alama 0 hadi 100, ikikisia mtu angeipa picha daraja gani akiitazama kwenye televisheni ya 1080p kwa umbali wa mara tatu ya kimo cha skrini. Alama 80 ni picha nzuri, 60 ni ya wastani, 40 ni hafifu. Lengo langu kwa mubashara ni 75 kwenda juu kwenye dakika ngumu, na fungua lile faili la alama uone fremu za chini kabisa: kundi la fremu zenye 45 katikati ya wastani wa 78 ndilo tukio ambalo watu watalalamikia. Sasa rudia kwa 1080p bitireti ileile, kisha kwa 540p. Una jedwali la mistari mitatu la kumwonyesha mteja, na klipu zake.

Kuna vipimo vya zamani zaidi. PSNR inalinganisha pikseli kwa pikseli na kutoa desibeli. Video iliyobanwa ya biti 8 kwa kawaida huangukia kati ya 30 na 50. Ni rahisi kuhesabu lakini haijui jicho linatazama wapi: inaadhibu chembe za nyasi sawa na inavyoadhibu uso wa bwana harusi. SSIM, iliyochapishwa mwaka 2004, inaangalia mpangilio wa mwanga na umbo, na inakaribia zaidi macho ya watu. Zitumie kulinganisha mipangilio miwili ya klipu ileile. Usizitumie kulinganisha harusi ya leo na mahafali ya mwezi uliopita.

Na VMAF yenyewe isiabudiwe. Haisikii sauti, haijui kwamba laivu iliganda sekunde nane, na ukiikoleza picha kwa kichujio inaweza kupandisha alama huku macho yakiumia.

Hatua ya tano: waite watu

Pendekezo la BT.500 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linataka watazamaji wasiopungua 15 kwa jaribio rasmi. Sisi hatuandai maabara. Tafuta watano wasio mafundi, mama mwenye duka na kijana wa bodaboda wakiwemo, uwaonyeshe klipu zako bila kusema ipi ni ipi, kwa mpangilio uliochanganywa. Kila mmoja atoe 5 kwa bora sana, 4 nzuri, 3 wastani, 2 hafifu, 1 mbaya. Waonyeshe kwenye simu, nje, mwangani, maana ndivyo itakavyotazamwa. Klipu ambayo VMAF iliipa 74 na watu wote watano wakaipa 4, hiyo imepita. Usiendelee kuipigania.

Siku ya tukio: namba tatu za kutazama

Fungua dirisha la takwimu la OBS na uliache wazi mwanzo hadi mwisho. Lina hesabu tatu ambazo watu huzichanganya. Fremu zilizoangushwa na mtandao ni tatizo la njia. Fremu zilizorukwa kwa sababu enkoda imechelewa ni tatizo la prosesa. Shusha preset hadi superfast, funga kivinjari. Fremu zilizokosa kuchorwa ni tatizo la kadi ya picha. Ondoa vionjo na picha zinazochezacheza. Hesabu mbili zikipanda pamoja, mara nyingi laptopu imepata joto: inue juu ya meza, ielekezee feni.

Mtandao ukiangusha zaidi ya asilimia 1, usisubiri. Kabla hujaanza, washa lile chaguo la OBS la kushusha bitireti lenyewe njia ikisongamana: afadhali picha ififie kwa dakika mbili kuliko ikatike. Andaa pia profaili ya pili ya 480p. Kuhamia huko kunalazimu kusimamisha urushaji sekunde chache, kwa hiyo kwenye YouTube zima mapema kile kipengele cha laivu kujifunga yenyewe, la sivyo utarudi ukute kiungo ulichowatumia ndugu kimekufa.

Mtu mmoja awe mtazamaji: simu ya mtandao tofauti na ule unaorushia, spika za masikioni, kazi yake kutazama tu. Akisema vibokisi, mwambie afungue takwimu za video kwenye YouTube. Kama anapokea 360p huku wewe unatuma 720p safi, shida ni ya laini yake.

Rekodi nakala yako ya ndani wakati huohuo, kwa CRF (namba ya kuchagua ubora badala ya bitireti) ya 18 hadi 20 na kwa faili la muundo wa MKV. Kwenye x264 namba ndogo ni ubora mkubwa, na kila hatua ya 6 inakaribia kuzidisha au kupunguza ukubwa wa faili mara mbili. MKV nayo ina faida hii: umeme ukikatika katikati, kilichorekodiwa kinafunguka, wakati MP4 ya kawaida ingekuwa imeharibika yote. UPS ndogo ya kulinda modemu na mixer inagharimu kidogo kuliko kurudisha pesa za mteja.

Neno dogo kwa wenye visimbuzi

Tangu Arusha na Moshi zihamie dijitali mwaka 2013, ile picha ya chenga ya analojia imetoweka. Dijitali hurekebisha makosa yake kimyakimya hadi kikomo, kisha inaanguka ghafla: dakika hii picha safi, dakika ijayo vibokisi, halafu skrini nyeusi. Menyu ya kisimbuzi ina pau mbili, nguvu na ubora. Elekeza antena kwa kufuata pau ya ubora. Busta hupandisha nguvu, lakini hupandisha kelele pamoja nayo, ndiyo maana watu hununua busta na picha inabaki ileile. Wa dishi la bendi ya Ku (masafa ya madishi madogo ya nyumbani), masika yakipiga kwelikweli mawimbi hufifia kwenye mvua. Dishi lililolengwa kwa uangalifu siku ya jua ndilo lenye akiba ya kuvuka wingu.

Kukabidhi kazi

Kila kubana upya ni hasara, na hasara hizo hujumlishwa. Kwa hiyo usipakue laivu yako kutoka YouTube ukaihariri. Hariri ile MKV. Toa toleo la kuhifadhi kwa H.264 CRF 18 au H.265 CRF 22, kwenye flashi mbili, sio moja.

Ndugu wakitaka kwa WhatsApp, usiitume kama video, maana programu itaibana tena bila huruma. Itume kama dokumenti, ambayo inapita kama ilivyo hadi GB 2. Shughuli ya saa mbili ukiitoa 720p kwa 2 Mbps, sauti ikiwa humohumo, inakuwa GB 1.8 na inaingia. Ikizidi hapo, igawe sehemu mbili kwenye mapumziko ya chakula, na wa nje ya nchi uwape kiungo.